Funguo ulizopewa na zile ambazo hukupewa

Swali: "Shikamoo mzee. Niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha jimbo hapa Ohio. Nyumbani kwetu ni Moshi, ila nilikuja huku nikiwa na miaka 9. Mwezi huu wa Novemba ndugu zangu wa fratenati wamenichagua kuwa rais wa tawi letu kuanzia Januari. Tuko 34, na 19 kati yetu tunaishi kwenye nyumba ya chama. Rais anayeondoka anahitimu Desemba na ameshapata kazi Denver. Amenipa bunda la funguo na nywila ya barua pepe ya tawi, akanipiga bega akasema nitaweza. Mweka hazina hajui hata kama bima ya nyumba imelipwa. Wahitimu wetu wanazidi 600, lakini mwaka jana waliochangia walikuwa 11, na wawili kati yao hunipigia simu kila wiki kunilaumu. Nianzie wapi? Na hawa wazee niwafanye nini?"

Marahaba, kijana wangu, na hongera. Ila ukimpigia babu simu kumpa habari, mweleze vizuri ni urais wa nini, asije akachinja mbuzi Moshi nzima ikajua kijana wao anatawala Ohio.

Wasomaji wengine nao wanahitaji maelezo kidogo, maana kwetu mtu akisikia herufi za Kigiriki, kiapo na salamu ya siri, moja kwa moja anasema ni Freemason. Fratenati ni kitu kingine. Ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume katika vyuo vya Marekani, chenye matawi vyuoni, makao makuu ya kitaifa, ada, nyimbo zake, na mara nyingi nyumba ambamo wanachama wanaishi pamoja. Wanawake wana vyama vya kwao. Ukishaapishwa umeapishwa, na kuhitimu hakukutoi. Yule mzee wa miaka 70 anayekupigia simu ni mwanachama kama wewe, ndiyo maana haoni haya kukulaumu.

Mimi niliapishwa 1994 nikisomea uhasibu, mwaka uliofuata nikawa mweka hazina wa tawi, na tangu 2006 nimekuwa mlezi wa vijana kama wewe. Kazi inayonilisha ni kufunga hesabu za mashirika yasiyo ya faida. Kwa hiyo utanisamehe nikikaa sana kwenye fomu na benki. Ndiko nilikoona matawi yakifa.

Tatizo lenu halikuanza na huyu anayekwenda Denver. Tawi la wanafunzi ni kama daladala: abiria wanapanda na kushuka, na dereva hubadilishwa kila mwaka. Kijana anaingia mwaka wa kwanza, anashika uongozi mwaka wa tatu, na mwaka wa nne ameshaondoka kimawazo hata kama kitanda chake bado kipo. Tawi linaweza kuwa na miaka 90, lakini kumbukumbu yake ni ya miaka 3. Kila kundi linagundua upya kwamba paa la upande wa jikoni linavuja, linagombana upya na jirani yule yule, linatia saini upya mkataba mbovu wa mpishi. Kumbukumbu haikupotea lakini. Imetawanyika vichwani mwa watu 600 wanaoishi Cleveland, Tampa na Seattle, na hakuna anayewauliza. Ukiniuliza wazee uwafanye nini, jibu langu ndilo hilo: waombe kumbukumbu kabla hujawaomba pesa. Mengine yote nitakayokuandikia yanatoka hapo.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Chama cha kwanza cha wanafunzi kilichojiita kwa herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William & Mary, Williamsburg, Virginia, vita vya uhuru vikiwa vinaendelea. Siku hizi ni chama cha heshima ya kitaaluma, hakina nyumba wala sherehe za Ijumaa, lakini kiapo, beji na salamu ya siri ambavyo nyote mmeviiga vilianzia kwao. Jeshi la Waingereza lilipokaribia, mwaka 1781, tawi lile likafungwa. Chama hakikufa, kwa sababu walikuwa wameshatoa hati za kuanzisha matawi Yale na Harvard. Tawi mama likalala miaka mingi, watoto wakaendelea kutembea. Mimi huwasimulia vijana kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja anayeuliza kama na sisi tunapaswa kufungua tawi Yale. Hapana, bwana. Nasema tu kwamba ujuzi wa chama usikae chini ya paa moja.

Sasa nikueleze yaliyonipata, halafu tuingie kwenye kazi.

Siku niliyokabidhiwa uweka hazina nilipewa boksi la viatu. Sisemi kwa mfano, lilikuwa boksi la viatu vya mpira namba 11, limefungwa na kamba ya viatu hivyo hivyo. Ndani mlikuwa na stakabadhi za pitsa, kitabu cha hundi, bahasha 3 za idara ya mapato ambazo hazikufunguliwa, na ufunguo mmoja mfupi wa shaba. Nikamuuliza mwenzangu, huu wa wapi? Akasema aliukuta humo humo na yeye. Nikaurudisha.

Januari ikaingia na baridi ya kukata masikio. Usiku mmoja, kama saa 9, bomba la maji likapasuka ghorofa ya pili. Kama hujawahi kuona, maji ya bomba lililopasuka kwa barafu hayavuji, yanamwagika. Tulikuwa vijana 20 tukikimbia na ndoo na mataulo, hakuna hata mmoja aliyejua maji yanafungiwa wapi. Mmoja akachukua daftari la zamani la wahitimu lililokuwa likiegemezwa mlangoni ili usijifunge, akapiga namba ya kwanza iliyokuwa ya mji ule ule. Akapokea mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameishi nyumba ile miaka ya 1950. Hakuuliza sisi ni nani. Akasema: shuka chini, pita tanuri, kuna mlango mdogo wa mbao upande wa kushoto, ndani yake kuna gurudumu jekundu, lizungushe mpaka likatae. Tukashuka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nikasimama pale maji yakiniingia kwenye soksi, nikakumbuka boksi la viatu.

Mzee yule hakuwa ametoa hata senti tangu ahitimu. Wiki iliyofuata nilimpelekea keki aliyooka mama wa mwenzetu mmoja, tukakaa kwake saa 2, akanichorea ramani ya mabomba ya nyumba nzima nyuma ya kalenda. Majira ya kuchipua yalipofika alilipa nusu ya gharama ya dari jipya. Hatukumwomba.

Haya, kazi. Una wiki chache kabla mwenzako hajaondoka, na neno "utaweza" sio makabidhiano. Mwambie, kwa heshima, kwamba unataka mikao 3 na yeye, kila mmoja saa 1, simu zimezimwa. Nasema 3 kwa sababu mkao wa kwanza mtu husimulia sifa zake. Wa pili anakumbuka alichosahau. Wa tatu ndipo anapotoa aibu: deni ambalo halikuandikwa, barua kutoka chuoni ambayo hakuionyesha kikao, ahadi aliyompa mhitimu fulani akashindwa kuitimiza. Huo wa tatu ndio unaoutafuta. Usimhukumu akikwambia, ukimhukumu atafunga mdomo na wewe utakuja kuyajua Machi.

Kila mwenye ofisi, kuanzia makamu wako hadi anayesimamia jikoni, aandike ukurasa mmoja. Nasisitiza mmoja. Nimeona madaftari ya makabidhiano ya kurasa 60 yaliyopambwa vizuri, hayasomwi na mtu. Ukurasa mmoja useme kazi za ofisi hiyo mwezi kwa mwezi, tunadaiwa na nani, tunamdai nani, na nani ana kinyongo nasi. Watu huruka hilo la mwisho wakiona ni umbea. Lakini mwenye duka la mashati aliyelipwa kwa kuchelewa, jirani aliyeita polisi Septemba, ofisa wa chuo aliyeahidiwa ripoti hakuipata, hao ndio watakaokupokea wewe Januari kwa sura ambayo hujui imetoka wapi.

Kisha benki. Hapa ndipo mambo yanapokwama, na yanakwama kwa kitu kidogo. Benki haijali kura mlizopiga. Inataka kumbukumbu za mkutano zilizotiwa saini, zinazosema tarehe fulani tawi limewachagua fulani na fulani kuwa watia saini wa akaunti na kuwaondoa fulani na fulani. Mara nyingi inataka pia anayeondoka na anayeingia wafike pamoja na vitambulisho. Huyu mwenzako akishafika Denver, kumrudisha Ohio kwa ajili ya saini moja ni nauli ya ndege. Nimeliona tawi likikaa wiki 7 bila kuweza kulipa umeme, na pesa wanazo.

Mkiwa huko ombeni taarifa ya akaunti ya miezi 12 iliyopita, muipitie mstari kwa mstari. Na mweka hazina wako mwulize swali moja kwa upole: ada zinapita wapi? Siku hizi vijana hutumiana kwa Venmo, programu ya kutumiana pesa kwa simu, na nimekuta zaidi ya mara moja ada za tawi zima zikiingia kwenye akaunti binafsi ya kijana wa miaka 20, zimechanganyika na pesa zake za pitsa na kodi. Huenda hajaiba hata dola. Lakini hawezi kuthibitisha kwamba hajaiba, na hilo litamfuata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Funga njia hiyo mwezi huu huu.

Idara ya mapato, IRS, nayo. Matawi mengi husamehewa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(7), kile cha vyama vya kijamii. Msamaha huo una masharti. Kama mapato yenu kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, mnajaza fomu fupi ya mtandaoni, 990-N, ambayo mtu aliye na taarifa zake mkononi anaimaliza kabla chai haijapoa. Mkizidi hapo, kuna fomu ndefu zaidi, na hapo tafuteni mhasibu, ikiwezekana mhitimu wenu. Ukiacha kuwasilisha miaka 3 mfululizo, msamaha unafutwa wenyewe, bila huruma. Fomu hudaiwa siku ya 15 ya mwezi wa 5 baada ya mwaka wenu wa hesabu kufungwa. Sasa piga hesabu. Kama mnafunga 31 Desemba, ni 15 Mei, watu wako kwenye mitihani na kuhama. Kama mnafunga 30 Juni, ni 15 Novemba, anayeondoka ameshachoka na anayeingia hajaanza. Aliyepanga tarehe hizi hakuwa akifikiria fratenati, lakini hangeweza kuzipanga vibaya zaidi. Na mtu anayetambuliwa na IRS kama mwenye dhamana akibadilika, kuna fomu 8822-B ya kuwajulisha ndani ya siku 60. Karibu kila tawi nililolikagua, jina lililoko IRS ni la mtu aliyehitimu zamani. Barua zinakwenda kwa mama yake.

Umeniuliza kuhusu bima. Inawezekana mweka hazina wako hajui kwa sababu si kazi yake, na hili watu wengi hawaelezwi. Katika vyama vyenye nyumba, mara nyingi kuna vyombo viwili tofauti. Tawi ni ninyi wanafunzi. Nyumba inamilikiwa na kampuni ya nyumba, yenye bodi ya wahitimu, ambayo ndiyo mwenye nyumba wenu, mnapangisha kwake. Kwa kawaida bima ya jengo hulipwa na kampuni hiyo, na bima ya dhima, ile ya mtu akiumia au akiwashtaki, hutozwa na makao makuu kwa kila kichwa. Kwa hiyo maswali ni mawili na simu ni mbili. Piga zote, omba hati zenyewe zenye tarehe ya kuisha, usikubali "nadhani imelipwa." Na ukishampata mwenyekiti wa kampuni ya nyumba, usikate simu. Huyo ndiye mhitimu wa kwanza ambaye anawajibika kwako kisheria, na huenda hajaongea na rais wa tawi tangu kiangazi.

Ninayoyasema kuhusu uchaguzi wenyewe ni machache: fanyeni Novemba kama mlivyofanya, ili Desemba iwe ya kufuatana, anayeingia akikaa pembeni ya anayetoka vikaoni. Matawi yanayochagua Aprili yana kiangazi cha miezi 3 katikati, nyumba tupu na barua zikilundikana mlangoni.

Basi wazee. Katika hao zaidi ya 600, waliochangia 11. Usiwaone wengine kuwa wabahili. Jiulize mara ya mwisho tawi lilipomwandikia mmoja wao bila kuomba kitu. Nadhani unajua jibu. Mtu akihitimu anasikia kutoka kwenu mara moja kwa mwaka, karibu na wikiendi ya wahitimu kurudi chuoni kwa mpira Oktoba, na kila barua ina bahasha ya hundi ndani. Baada ya miaka 5 anaitambua kwa nje, anaitupa bila kufungua. Anwani yenyewe huenda ni ya nyumba aliyohama.

Fanya hivi. Desemba na Januari, chagua wahitimu 12, wa miongo tofauti, usiwachague kwa utajiri. Mmoja awe aliyehitimu mwaka juzi, mmoja awe mkongwe kabisa anayeweza kupokea simu. Wapigie wewe mwenyewe, usitume ujumbe. Jitambulishe, kisha uliza: "Ulipokuwa hapa, ni jambo gani ulilijua kwa kuumia, ambalo ungependa ungeambiwa mapema?" Halafu nyamaza. Nitakuonyesha inavyokwenda, maana nilikaa pembeni ya rais mmoja akipiga simu hizi miaka michache iliyopita. Mzee wa kwanza alisema, kwa sauti kavu, kwamba hana pesa za kutoa. Kijana akasema hajaomba pesa. Kimya. Mzee akasema, "Sasa unataka nini?" Kijana akauliza swali lake. Kimya kingine, kirefu, nikadhani simu imekatika. Kisha mzee akaanza na mwaka waliopoteza nusu ya wanachama kwa ugomvi wa ada, jinsi walivyokaa jikoni usiku kucha wakipanga malipo ya kidogo kidogo kwa kila aliyedaiwa. Dakika 40. Kijana aliandika kurasa 4, na utaratibu ule wa malipo tawi linautumia hadi leo. Kabla ya kuaga mzee akauliza, kama vile jambo limempitia tu, mpira ni tarehe ngapi mwaka huu.

Yale unayoandika kwenye simu hizi yaweke mahali pamoja ambapo hapamtegemei mtu, yaani akaunti ya tawi, isiwe simu yako. Kundi la GroupMe, ile programu ya kuchati, si kumbukumbu. Ni soko la Kariakoo saa 11 jioni. Mara 2 kwa mwaka watumie wahitimu wote barua ya kurasa 2, na ndani yake weka habari mbaya pia. Wastani wa alama umeshuka, sema umeshuka. Chuo kimewapa onyo, sema. Wazee wanaoambiwa kila mara kwamba mambo ni mazuri huacha kusoma, kwa sababu na wao waliwahi kuandika barua za namna hiyo.

Wale wawili wanaokulaumu kila wiki ni mtaji wako, hata kama sasa hivi unatamani kubadilisha namba. Mtu aliyekata tamaa na chama hapigi simu. Uliza kila mmoja anachokiona kibaya zaidi, kisha mpe hicho hicho akifanyie kazi, chenye mpaka na tarehe. Anayelalamika kwamba vijana hawajui kuvaa wala kuongea na watu, mwombe Jumamosi moja ya Februari, kwa muda wa saa 2, awafundishe wanaotafuta kazi jinsi ya kukaa kwenye usaili. Anayelalamika kuhusu hesabu, mwombe apitie taarifa ya benki kila baada ya miezi 3. Mmoja wao atakubali. Mwingine atapunguza simu. Kwa vyovyote umepumua.

Ila kuna aina ya mzee ambaye hutampa kazi. Ni yule anayesema enzi zetu wageni walikuwa wanatiwa adabu kwanza. Aliyesoma bweni Tanzania anakumbuka mateso ya njuka, na wenzetu wa Kenya wanajua mono alivyopokewa. Ni ugonjwa ule ule umevaa herufi za Kigiriki, na huku umeua vijana. Majimbo mengi yana sheria za jinai juu yake, na tangu Desemba 2024 kuna sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza hadharani majina ya vyama vilivyopatikana na hatia hiyo. Mwambie mzee huyo kwamba hapana, na umjulishe mlezi na makao makuu siku hiyo hiyo. Na wanachama wenu walio kwenye viza ya wanafunzi, F-1, wajue kwamba kusimamishwa masomo kunaigusa rekodi yao ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na kwa hiyo ruhusa yao ya kuwepo nchini. Mwenzao Mmarekani atarudi kwa wazazi muhula mmoja. Wao huenda wakarudi Julius Nyerere na masanduku.

Ukitaka kuona wahitimu wanavyoweza kufanya kazi, tembelea fratenati za Waamerika Weusi hapo hapo chuoni kwenu. Alpha Phi Alpha ilianzishwa katika chuo cha Cornell mwaka 1906, na kufikia 1911 tayari ilikuwa na tawi la wahitimu kule Louisville, Kentucky. Kwa hao, kuhitimu kunakuhamishia tawi jingine la watu wazima, lenye vikao, ada na viongozi wake, na tawi hilo ndilo linalotoa mlezi wa vijana. Ndiyo maana utamkuta daktari wa miaka 60 akihudhuria kikao Jumamosi kama ibada. Waafrika wetu wamepita huko: Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah wote walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, fratenati nyingine ya Waamerika Weusi. Sisi wa fratenati za nyumba tuliweka imani kwenye matofali, tukadhani jengo litawaita watu warudi. Nadhani wenzetu walichagua vizuri zaidi, na nimewahi kurushiwa maneno kwenye mkutano wa chama changu kwa kusema hivyo.

Pesa nimeiacha nyuma makusudi. Utakapofika wakati wa kuomba, labda Aprili, omba kitu kinachoonekana na chenye bei: pampu ya kupasha joto, viti vya chumba cha kusomea, nauli ya wanachama 4 kwenda mafunzo ya uongozi. Na ujue pesa inaingia mfuko gani, maana mzee yeyote aliyewahi kujaza fomu ya kodi atakuuliza kama mchango wake unapunguzwa kwenye kodi. Akilipa tawi, au kampuni ya nyumba, kwa kawaida haupunguzwi. Akichangia mfuko wa elimu wa chama, ule ulio chini ya 501(c)(3), unapunguzwa, lakini pesa hizo ni za masomo na mambo ya elimu, haziwezi kununua meza ya biliadi. Usimwambie mtu "ndiyo" ili atoe. Shukrani iende ndani ya wiki, kwa kadi iliyoandikwa kwa mkono na kijana aliyekaa kwenye kiti hicho.

Mengine utaniandikia Machi, nayangoja. Kwa sasa mpigie mwenzako leo jioni kabla hajaanza kufunga masanduku. Jumamosi matawi mengi ya benki hufungwa saa 6 au saa 7 mchana, kwa hiyo mwende Jumatano, na hizo kumbukumbu za mkutano ziwe zimeshatiwa saini. Mkitoka benki mpitie nyumbani, mmwage lile bunda la funguo mezani, na kwa kila mmoja umwulize unafungua wapi. Uandike kwenye kipande cha plasta na uubandike. Ule asioujua, usimrudishie. Uweke peke yake, na uwe swali lako la pili kwa wale wazee 12.